Siku sita za maua: Lindi, Mikindani, Mtwara, Newala, Masasi na kurudi (Oktoba 2024)

Nimerudi nyumbani wiki ya tatu sasa na ndo kwanza nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu na picha za kwenye simu nikaipanga hii safari siku kwa siku. Nilikuwa naandika vitu vichache tu kila usiku, nauli, nimekula nini, nani kanipa mche gani, vingine nimevikumbuka baada ya kuona picha.

Chanzo ni dada yangu. Anaishi Leeds, Uingereza, mwaka wa kumi na moja sasa, ana kibustani nyuma ya nyumba, na kila ikifika Oktoba ananitumia picha za miti ya huko majani yamegeuka mekundu, ya njano, mengine rangi ya shaba, halafu ananiuliza, "Na huko kwetu sasa hivi kuna nini?" Mimi kila mwaka jibu langu lilikuwa lilelile, hakuna kitu dada, kiangazi, vumbi tu. Mwaka huu nilivyolituma hilo jibu likanikaa vibaya, nikaona naionea mikoa yetu. Nawajua watu wa maua Mikindani, Mtwara na Newala, tunatumiana picha na mbegu miaka yote hiyo lakini kwao sijawahi kufika. Nikaomba ruhusa kazini, nikachukua begi la mgongoni na ndoo moja ya lita kumi yenye mfuniko kwa ajili ya miche, nikaondoka.

Alhamisi 24 Oktoba, Lindi

Siku ya kwanza sikutoka mjini. Nilienda ufukweni jioni jua limeshapoa, pale kwenye mikungu. Hii miti tumeizoea mpaka hatuioni tena, watoto wanaokota kungu wanapasua kwa jiwe, wazee wanacheza bao chini yake, basi. Lakini mkungu haukosi majani mawili matatu mekundu kabla hayajadondoka. Niliokota moja kubwa kupita kiganja changu, gumu kama ngozi, wekundu umeanzia pembeni unaingia ndani taratibu na mishipa yote bado ya kijani, kama ramani ya mito. Nikaliweka juu ya khanga nyeupe nikapiga picha nikamtumia dada bila maneno. Akajibu kwa sauti, "Hilo mbona la huku kwetu! Umelipata wapi?" Nikamwambia chini ya mti tuliochezea rede mimi na wewe.

Nikapitia kwa jirani yangu mwenye bogenvilia ya ukutani, ile ya zambarau. Kwa asiyejua, ile rangi yote ni majani. Maua yenyewe ni vile vijibomba vyembamba vyeupe katikati, kwa kawaida vitatu, na majani matatu ya rangi yameyazunguka kuita wadudu. Asili yake Amerika ya Kusini na jina ni la nahodha Mfaransa, Bougainville, ambaye msafara wake ndo ulioikuta Brazili mwaka 1767. Kiangazi kikali ndo raha yake, ukiimwagilia sana inatoa majani ya kijani tu, kwa hiyo kama yako imegoma kuchanua punguza maji kabla hujaikatia tamaa.

Ijumaa 25 Oktoba, Mikindani

Kosta ya Mtwara tuliambiwa saa mbili kamili asubuhi, tukaondoka saa tatu na nusu maana dereva hataki kuondoka na viti vitupu. Nauli nililipa 7,000. Nilishuka Mikindani kabla ya kufika Mtwara mjini, ghuba iko palepale barabarani na boma la Mjerumani juu kilimani unaliona ukishuka tu kwenye gari.

Bibi ninayemfuata anakaa kwenye vichochoro vya nyuma, nyumba ya mawe ya zamani yenye ua wa ndani, na kabla sijabisha hodi harufu ilishanipokea. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, ndo wewe wa Lindi? Mbona umekonda kuliko picha?" Kabla ya kuonyeshwa bustani nikawekewa wali wa nazi na pweza wa kukaanga. Nilitoa elfu tano nimwachie mjukuu, bibi akairudisha kwenye mkoba wangu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwake ua halipandwi kwa kuangaliwa, linapandwa kwa kunuswa, hilo alinieleza mwanzo kabisa ili nisisumbuke kutafuta rangi. Ana asumini tatu, mlangilangi mmoja mrefu kupita paa, mrehani kwenye ndoo zilizotoboka, msanapichi kwenye kona, na mkilua. Mkilua ndo ulionipeleka. Ni mti mdogo, majani ya kawaida tu, ua lake rangi ya manjano iliyofifia limejificha chini ya tawi ukiwa na haraka unapita, lakini ukiweka moja tu mfukoni mpaka kesho nguo inanukia. Ni mti wa pwani yetu hii, Kenya na Tanzania, na wanasayansi walivyouandika wakalichukua jina letu kama lilivyo, Mkilua fragrans. Nilivyomwambia bibi hivyo akanyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe wanatusikia."

Baada ya alasiri ndo kazi inaanza, maana asumini inachumwa ikiwa bado imefumba, ifumbuke usiku shingoni mwa mtu. Kesho yake kulikuwa na harusi mtaa wa pili, akaletewa oda ya vikuba kumi na viwili, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia. Nikakaa naye mkekani. Anachukua rehani vijiti viwili, anaweka kilua katikati, anazungushia asumini saba au nane zilizotungwa kwenye uzi, anafunga kwa ukuti wa mnazi aliouchana mwembamba kama unywele, fundo moja, anakata kwa meno. Dakika mbili. Mimi nilifunga vitatu, kimoja akakifungua kimyakimya akakirudia. Alivyo mstaarabu hakunitazama usoni.

Wakati wa kuondoka akanipa mche wa mkilua kwenye kopo la maziwa, una majani manne. "Usiupande juani, na usiuonyeshe kila mtu mpaka ushike." Nililala Mtwara, bajaji kutoka Mikindani tulichanga watu watatu, 2,000 kila mmoja.

Jumamosi 26 Oktoba, Mtwara, Shangani

Mwenyeji wa siku hii ni mzee aliyewahi kuwa baharia, miaka mingi kwenye meli za mizigo, sasa ana mikrismasi miwili getini na bustani ndefu ya mchangani. Mikrismasi ilikuwa imeanza, nusu ya mti maua, nusu bado maganda meusi ya mwaka jana yanagongana na upepo wa bahari. Akaniokotea ua moja akanionyesha petali tano, nne nyekundu tupu na moja imesimama, nyeupe yenye madoadoa mekundu na njano. Nimeishi na huu mti maisha yangu yote na hiyo petali ya tano sikuwahi kuiona.

Halafu akanipa stori ambayo ndo imebeba safari yangu yote. Mara ya kwanza kufika Miami, Marekani, ilikuwa mwezi wa sita. Anashuka bandarini anakuta mikrismasi imewaka mji mzima! Anasema alisimama akahesabu miezi kwa vidole, akadhani kachanganyikiwa kwa kukaa baharini. Kumbe mti ni uleule, asili yake Madagaska hapo jirani yetu tu, ila ukiupeleka kaskazini ya ikweta unafuata joto na mvua za kule, unachanua Mei, Juni. India vilevile, ni mti wa kiangazi chao cha mwezi wa nne na wa tano. Jina mkrismasi ni la kweli kwetu sisi wa huku, mtu wa Miami ukimwambia hili ua la Krismasi hakuelewi. "Mti haujui kalenda binti yangu," akasema, "kalenda tumeutundikia sisi."

Huyu mzee ndiye pia aliyechanulisha tulipu, ua la nchi za baridi, hapa Mtwara. Najua kuna watakaobisha ila picha nimeiona. Mtoto wake alisoma Uholanzi akamletea vitunguu vya tulipu vya kupanda, vyenye cheti cha afya ya mimea, kumi mara ya kwanza, kumi mara ya pili. Tulipu lazima ipite baridi, wiki kumi na mbili hivi au zaidi, isipopata baridi ua la ndani halinyooki. Huku baridi hiyo unaipata kwenye friji tu. Awamu ya kwanza akaviweka droo ya chini, na mke wake kwa nia njema kabisa akaweka maembe humohumo. Tunda linaloiva linatoa gesi, ethilini, na hiyo gesi inaua kichanga cha ua ndani ya kitunguu. Vyote kumi vilitoa majani matupu. Awamu ya pili akanunua kifriji kidogo cha mitumba kwa kazi hiyo tu, akapanda mwanzoni mwa Julai kwenye kivuli cha ukuta, akawa anamwagilia maji yenye barafu asubuhi na jioni. Vitatu vikaota, kimoja kikachanua Agosti, ua jekundu fupi kama kidole gumba. Lilifunguka asubuhi, saa tisa mchana limeshatanuka kama sahani, siku ya tatu likadondoka. Majirani walikuja kuliona kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Mama mwenye nyumba alinisimulia hayo huku macho yanamlengalenga, na akaniambia tangu siku hiyo maembe kwake hayaingii friji yoyote.

Nikapewa tawi la msanapichi wa maua ya rangi ya waridi. Kwa watakaokata msanapichi: maziwa yake yakitoka usipande siku hiyohiyo, liache tawi kivulini wiki nzima mpaka mdomo uliokatwa ukauke, ndo ulichomeke kwenye mchanga mkavu. Ukilipanda bichi linaoza kutoka chini. Na waridi la jangwani, lile la shina nene, maziwa yake ni sumu, nawa mikono kabla hujamshika mtoto.

Jumapili 27 Oktoba, Mtwara kwenda Newala

Siku ndefu. Basi la saa moja asubuhi, nauli 12,000, lami nzuri mpaka Mnivata, kuanzia hapo barabara ilikuwa bado inajengwa, mara mchepuko, mara kifusi, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sandwichi ya mtu. Konda alitaka ndoo yangu iende juu ya keria, nikakataa, akasisitiza, tukabishana mpaka dada mmoja aliyekaa dirishani akasema leta hiyo ndoo hapa miguuni kwangu, safari imeisha. Akaibana kwa magoti mpaka Newala na hanijui hata jina.

Kabla ya Tandahimba tairi ikapasuka. Saa moja na dakika arobaini chini ya mkorosho. Msimu ndo huu, kila nyumba korosho zimeanikwa nje, na chini ya miti mabibo yaliyodondoka yameanza kuchacha, ile harufu tamu nzito inayoingia kichwani. Mama mmoja alitoka nyumbani kwake na ungo wa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, chumvi na pilipili pembeni, fungu 500, nikala mafungu mawili. Aliona naikagua miche akauliza, nikamwonyesha mkilua. Akarudi ndani akaja na kikombe cha maji. Mtu wa uwanda wa Makonde kukupa maji ujue kakupa kitu, maji huku hayapo karibu, watu wanavuna ya mvua wanayatunza kwenye visima vya saruji mwaka mzima. Nikataka kukataa, akamimina mwenyewe, nusu kwenye mkilua, nusu kwenye gazeti nililofungia matawi.

Hapo hapo chini ya mkorosho ujumbe wa dada ukaingia, kwamba usiku uliopita saa zimerudishwa nyuma saa moja nchi nzima, saa kumi na moja jioni kwao sasa ni giza, na upepo umepukutisha nusu ya majani ya mti wake. Nikampigia picha vichipukizi vya mkorosho, majani machanga yenye wekundu wa kahawia, laini kama karatasi iliyolowa.

Gesti ya Newala niliyofikia sitaitaja, nililipa 25,000 kwa chumba "chenye maji ndani", bomba likakohoa tu. Ushauri wangu, Newala uliza maji kabla ya bei, na mwombe akufungulie bomba ulione.

Jumatatu 28 Oktoba, Newala

Newala asubuhi ina ubaridi mtamu, nilivaa sweta mpaka saa tatu. Mwenyeji ni mwalimu mstaafu wa jiografia na nadhani ndiyo maana anaitazama bustani yake hivyo. Kila mmea una kikaratasi, tarehe ya kuchanua, mvua ya kwanza, miaka kumi na tano nyuma.

Uani ana poinsetia kubwa, mti kabisa, unagusa bati. Ilikuwa kijani tupu. Nikamwambia mwalimu, basi Krismasi itakuwa nyekundu. Akacheka akanipa simu, picha za Julai, mti wote unawaka. "Yangu inakuwa nyekundu Juni, Julai. Krismasi haina hata jani moja." Mmea unahesabu usiku. Asili yake Mexico, na kule kaskazini usiku mrefu ni wa Desemba, ndo maana ukawa ua la Krismasi kwenye kadi zote tulizowahi kuziona. Huku kusini ya ikweta usiku mrefu ni wa Juni. Newala usiku wa Juni unapita saa kumi na mbili, wa Desemba haufiki, tofauti ni kama saa moja na kidogo tu, mimi na wewe hatuihisi, poinsetia inaihisi.

Halafu akanionyesha picha ya Julai 2022. Mti uleule, upande wa kulia mwekundu, upande wa kushoto kijani, kama mtu kaugawa kwa rula. Mwaka huo alifunga taa ya ulinzi kwenye kona ya nyumba, inawaka mpaka asubuhi, na matawi yaliyokuwa kwenye mwanga yakaona kwamba usiku haujafika. Alivyoihamisha taa, mwaka uliofuata mti ukawa mwekundu wote. Niliiangalia hiyo picha muda mrefu sana, nikaomba anitumie.

Maji anayopata ni ya kisima cha mvua, kwa hiyo bustani inakunywa maji ya kuoshea mboga na ya kuogea, na kila shina lina chupa ya plastiki ya lita moja na nusu imetobolewa tundu moja la sindano kwenye mfuniko, imefukiwa kichwa chini. Chupa moja inakaa siku mbili. Nimeshaiga.

Jioni tulitembea mpaka Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda, ardhi inakatika mbele ya miguu na bonde lote la Ruvuma chini mpaka Msumbiji. Nendeni saa kumi na moja, mchana kuna ukungu wa joto huoni mbali. Kule chini, pori lilikuwa na mabaka mekundu. Nikadhani moto. Mwalimu akasema subiri kesho, barabara yako inapita humohumo.

Jumanne 29 Oktoba, Newala, Masasi, Lindi

Noah mpaka Masasi, 8,000, tumebanana. Tukiteremka uwanda ndo nikayaona. Miyombo na mitondoro, pori zima linachipua, na majani machanga sio ya kijani, ni mekundu, ya shaba, ya waridi, mengine rangi ya chungu kipya, jua la asubuhi linapita ndani yake. Mengine yalishaanza kugeuka kijani. Hapajanyesha hata tone. Mzee aliyekaa jirani yangu akasema mitondoro haisubiri mvua, inatumia maji iliyoyaweka tangu masika, inachipua ili mvua ikija iyakute majani. Nikamwomba dereva asimame dakika mbili, nikajua watu watanuna, kumbe nusu ya gari ilishuka na simu zao.

Nilivunja kitawi kimoja. Jani jipya la mtondoro linaning'inia kama limelala, laini, unaona kidole chako upande wa pili. Nikalipiga picha pembeni ya lile la mkungu nililokuwa nalo kwenye daftari tangu Alhamisi. Dada alinieleza siku nyingi kwamba njano ya majani ya kwao ilikuwemo tangu mwanzo, kijani ndo kilichoifunika, mti ukivuta kijani chake kabla ya baridi njano inabaki, ila wekundu mti unautengeneza upya siku za mwisho, rangi iitwayo anthosianini. Ni rangi hiyohiyo iliyopo kwenye jani changa la mtondoro. Wiki ileile ya Oktoba, kwake mti unavaa nyekundu unaaga, kwetu mti unavaa nyekundu unazaliwa. Nikamtumia hivyohivyo kwa sauti, mbele ya abiria wote, na mzee wa pembeni akaongezea, "Mwambie anasalimiwa na pori."

Masasi nilikula chipsi kavu chini ya ile milima ya mawe, nikapanda basi la Lindi, Ndanda nilipita dirishani tu. Mingoyo giza limeingia. Nyumbani saa tatu usiku.

Miche iko wapi sasa

Jumla nilitumia kama 185,000 pamoja na malazi ya siku nne. Msanapichi bado umelala kivulini, mdomo umekauka, wiki ijayo unaingia mchangani. Mkilua ulidondosha majani mawili nikalia, lakini juzi umetoa jicho jipya, na nilimpigia bibi kabla sijamwambia mtu mwingine. Dada anataka kuja Oktoba ijayo, nimemwambia anunue tiketi ya kufika kabla ya tarehe ishirini.

Tawi la poinsetia la mwalimu limeshika, nimelipanda ukutani, sehemu pekee yenye udongo mzuri. Shida ni taa ya nje ya jirani, inapiga palepale usiku kucha. Nikaenda na picha ya 2022 nikamwonyesha. Aliitazama, akatoka nje, akaitazama taa, akasema sawa, kuanzia Mei ataigeuzia barabarani.